Uchungu Katika Chumba cha Mtihani

Watahiniwa walimwita Mama Tulieni, kwa kuwa neno hilo lilimtoka mdomoni kuliko yote, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kutulia. Alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu. Baada ya kustaafu, bodi ya wakunga ilimpa kazi ya kuandaa ukumbi na kusimamia mtihani wa leseni. Asiyeufaulu haruhusiwi kuzalisha mtu, hata awe amesoma vipi.

Jioni ya kuamkia mtihani mumewe, fundi cherehani, alimfuata ukumbini na chakula. Alimkuta amepiga magoti, anachomeka kipande cha boksi chini ya mguu wa dawati linaloyumba.

"Bibie, njoo ule. Madawati hayatakimbia."

"Hayakimbii, lakini maji ya choo yanakatika. Mlinzi umemwona? Nimempigia, hapokei."

Akaenda kuipima saa ya ukutani na yake ya mkononi, kisha akarudi kupima nafasi kati ya dawati na dawati. Mumewe alimngoja, akachoka, akakaa kwenye dawati la mtahiniwa na kukila chakula chote mwenyewe.

Asubuhi dereva wa bodi alileta bahasha za mitihani. Mama Tulieni na msaidizi wake, kijana mwalimu wa kemia, wakazikagua lakiri moja moja. Watahiniwa wakaingia, simu zikatiwa kwenye kapu mlangoni. Wa mwisho kuingia alikuwa binti mjamzito, tumbo limetangulia.

"Ya lini hiyo?" Mama Tulieni akamuuliza.

"Bado sana, mama. Wiki tatu."

Hata hivyo alimhamishia dawati la nyuma, karibu na mlango, kisha akasoma masharti: anayezungumza ananyang'anywa karatasi, anayetoka bila msimamizi harudi.

Mtihani ulikuwa umefika katikati alipoiona kalamu ya yule binti imesimama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa dawati kama abiria katika gari linalokata kona. Binti akapumua kwa kinywa, taratibu, kisha akaendelea kuandika. Baada ya kitambo kidogo, vilevile.

Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja huku, kingine kule. Msaidizi akamsogelea bosi wake. "Madam, wanaigiliziana."

"Hawaigilizii," akanong'ona Mama Tulieni. "Wanasikiliza."

Chumba kizima kilikuwa cha wakunga. Pumzi ile waliijua.

Akamwinamia binti. "Mwanangu, umeshikwa uchungu?"

"Kidogo tu. Mama, usinitoe. Mara ya kwanza nilifeli, mara ya pili nilikuwa msibani kwa mama yangu. Mimba ya kwanza huchelewa, naijua kazi yangu."

Mama Tulieni aliitazama saa ya ukutani. Mwanawe wa pekee alizaliwa kwa upasuaji, yeye mwenyewe amelazwa usingizi. Mambo ya uchungu aliyasikia kwa watu tu. Alitembea hadi mbele, akarudi, akatembea tena. Mwanamke mnene wa dawati la jirani akanyoosha mkono kama anayetaka karatasi ya ziada, naye akamwendea.

"Ninyang'anye mtihani ukitaka," mwanamke akanong'ona bila kuinua uso, "lakini maumivu yake yanakaribiana. Muulize kama chupa imepasuka."

"Nyamaza uandike," akasema Mama Tulieni. Karatasi hakuichukua. Akaenda kuuliza.

Chupa ya uzazi ilikuwa bado. Akamwagiza dereva alisogeze gari mlangoni, akamwachia msaidizi ukumbi, na kila uchungu ulipopanda alitoka na binti ukumbini, wakatembea pamoja koridoni.

"Usiniambie lolote la mtihani," akamwonya.

"Mama, hapa nina nafasi ya kukuambia mtihani?" Wakacheka wote wawili, kisha binti akamkamata bega kwa nguvu, kicheko kikafa.

Alirudi dawatini, akaandika, akatoka, akarudi. Alipokuwa kwenye swali la mwisho maji yakamwagika, yakatiririka chini ya kiti.

"Basi. Simama twende."

"Sentensi moja tu."

"Basi, nimesema!"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga kelele kwenye mtihani. Binti alipofika mlangoni akatoa ukelele, na nyuma yake viti vikakwaruza sakafu kwa pamoja. Nusu ya ukumbi ilikuwa inainuka.

"Tulieni! Atakayesimama namfutia mtihani!"

Wakakaa. Binti alikuwa akilia nje, na watu waliosomea kumsaidia wamekaa na kalamu mikononi. Yule mwanamke mnene aliandika huku machozi yakimtoka. Mama Tulieni aliona, akaangalia pembeni.

Yeye, kama msimamizi mkuu, hakuweza kuondoka kituoni, kwa hiyo aliyepanda gari na binti ni mwalimu wa kemia. Aliporudi, karatasi zilikuwa zinakusanywa. Mkono wa shati lake ulikuwa umechanika.

"Amejifungulia kwenye gari, getini pa hospitali," alisema. "Nesi alitoka mbio akampokea mtoto. Wa kike. Madam, mimi kazi hii siirudii."

Mama Tulieni akautangazia ukumbi kwamba wote wawili ni wazima. Makofi na kelele zikalipuka, na safari hii hakumwambia mtu yeyote atulie.

Bodi ilimwita. Kwa nini hukumtoa mapema? Angezalia koridoni je? Alieleza alivyoeleza, wakamsimamisha usimamizi kwa msimu mmoja. Hakubisha. Maneno yao hayo hayo alishajisemea mwenyewe jikoni, akifua, akiwa foleni ya dukani, kiasi kwamba mumewe alimpa vifungo avipange kwa rangi ili apate pa kuweka mikono.

Binti alifaulu karatasi ile. Ya pili, iliyofanyika mchana wa siku ile ile yeye akiwa hospitalini, aliifanya msimu uliofuata, chini ya msimamizi mwingine. Alipopata leseni alikuja na mtoto nyumbani kwa Mama Tulieni, ambaye hakungoja hata chai ichemke.

"Niambie kweli. Ningekutoa siku ile, ungenichukia?"

"Sana, mama."

"Na wewe ungekuwa mimi?"

Binti alimhamisha mtoto kutoka bega moja hadi lingine, akafikiri. "Mimi sasa ni mkunga," akasema. "Ningemtoa yule binti."

Mama Tulieni akanyoosha mikono apewe mtoto, akaanza kutembea naye sebuleni, kwenda na kurudi.