Mkono wa Kula

Jumamosi ile tulikuwa na furaha ya kijinga. Tulikuwa wanaume sita kwenye machimbo ya mawe nje kidogo ya mji wa Isiolo, tumeshiba ini la ngamia na chapati, tunapokezana zamu ya kulipiga risasi jerikani la mafuta ya kupikia lililojazwa mchanga. Wengi wetu tulikuwa wafanyabiashara wa mifugo na wenye malori, watu wa njia ya Garba Tula na Sericho, tulioomba leseni ya bastola kwa sababu barabara zetu zinajulikana kwa majambazi. Aliyetufundisha alikuwa Sajini Mutuma, Mmeru aliyestaafu polisi, mtu mfupi mwenye sauti ya kuitia mbuzi.

Risasi zangu zilikwenda kushoto. Si moja, si mbili. Zote zilipita kushoto kwa jerikani, zikachimba ukuta wa mawe, na kila nilipokosa wenzangu waliuliza kama kuna mtu namlenga kule. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kwa hiyo nilizidi kukosa.

Sajini aliniondoa kwenye mstari. Akaniambia ninyooshe mikono yote miwili mbele, nibananishe viganja, niache katundu kadogo katikati, kisha nilitazame jerikani kupitia katundu hako.

"Sasa funga jicho ya kushoto."

Nikafunga. Jerikani likapotea.

"Fungua. Funga ya kulia."

Jerikani likabaki palepale.

"Bwana Idris," akasema, "jicho yako ni ya kushoto. Wewe mkono ya kulia inapeleka bunduki, na jicho ya kushoto inakuja kuingilia. Hawa wawili hawasikizani. Hebu shika na kushoto."

Nilishika kwa kushoto. Sikuwa nimewahi kushika kitu cha maana kwa mkono ule tangu utotoni, ila ulijua la kufanya. Nikapiga tatu. Zote tatu ziliingia jerikani, na mchanga ukaanza kumwagika.

Kisha Dahir, mwenye bucha, akasema, "Kumbe huyu ni fundi wa mkono wa choo." Wakacheka. Nikacheka nao, nikairudisha bastola mkono wa kulia.

Ndugu yangu Yusuf alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori letu akitafuna miraa. Yeye hakucheka. Tulipokuwa tunarudi mjini alisema, "Piga na ile inaingia, walaal, ndugu yangu."

"Na watu?"

"Watu watakula hiyo jerikani?"

Nifafanue kidogo, kwa asiyetoka kwetu. Baba wa babu yetu alikuja huku kama askari wa Mwingereza, akaachwa hapa na medali na kipande cha ardhi ya kuchungia. Tumezaliwa Isiolo, tumezikana Isiolo. Nyumbani tulilelewa na ayeyo, mama yake baba. Nilizaliwa natumia mkono wa kushoto, naye hakuvumilia. Mkono wa kulia ni wa kula, wa kusalimia, wa kupokea. Wa kushoto ni wa kujisafisha. Wakati wa chakula alinifunga ule wa kushoto mbavuni kwa shuka, akanikalisha karibu yake, akanilisha matonge ya kwanza yeye mwenyewe ili nisilie. Nilimpenda sana bibi yule, na bado nampenda. Nilipofika darasa la kwanza mkono wangu wa kushoto ulikuwa umesahaulika, hata na mimi mwenyewe.

Jicho hakulifunga. Nani angejua kwamba jicho nalo lina upande?

Sajini alinipa njia nyingine, maana aliona sitakubali. Nifunge jicho la kushoto, nipige kwa kulia. Nikafanya hivyo, nikapasi, nikapata leseni. Lakini aliniambia neno siku ile ya mwisho, tukiwa wawili tu. "Hapa kufunga jicho ni rahisi. Siku ya moto, macho inafunguka yote mbili. Hautaambiwa. Itafunguka tu."

Nilimshukuru kwa heshima, nikaenda zangu.

Mvua za mwaka ule zilikosa, zikakosa tena. Malisho yaliisha upande wa juu, watu wakateremka na mifugo kuelekea mto, na waliokuwa mtoni hawakuwa na pa kwenda. Ugomvi ulianzia kisimani, kwa fimbo. Wiki ya pili ulikuwa wa bunduki. Sitataja kabila la mtu. Waliokufa walikuwa wa kila upande, na mimi nimewabeba wa kila upande.

Nasema kuwabeba kwa sababu lori letu ndilo lililotumika. Asubuhi moja tulipakia maiti kumi na moja karibu na Gotu, tumewafunika kwa turubai letu la mahindi. Mmoja alikuwa mama aliyepigwa risasi mgongoni akiwa na kibuyu cha maziwa, na maziwa yalikuwa yameganda kwenye nguo pamoja na damu. Manyatta ya nyuma yake ilikuwa inafuka moshi, na ng'ombe aliyechomwa miguu alikuwa bado anajaribu kusimama. Yusuf alimchinja yule ng'ombe akasoma dua, akarudi kwenye usukani bila kunitazama. Tulisafisha sakafu ya lori mara tatu kwa sabuni ya unga. Harufu ilibaki kwenye mbao.

Hayo yakaendelea miezi miwili. Tukazoea, na kuzoea huko kunanitia aibu kuliko mengi.

Mke wa Yusuf alikuwa Habiba, Mborana wa Gotu. Mimi namwita dumaashi, ndivyo tunavyomwita mke wa ndugu. Mama yake, ambaye sote tulimwita Akko, alikuwa amekataa kuhama. Alikuwa na mbuzi wake na kaburi la mumewe, na alisema amechoka kukimbia watu aliowatahiria watoto. Siku tuliposikia kwamba nyumba za jirani yake zimechomwa, Yusuf aliwasha lori. Habiba alikuja upande wangu, akashika mlango.

"Idris, wewe ndio uko na bunduki," akasema. "Nirudishie hawa wawili, Yusuf na mama."

"Nitawarudisha, dumaashi."

Nilisema hivyo kwa urahisi kabisa.

Njiani Yusuf alikuwa na utani wake. Tulipita Ngare Mara, barabara tupu, hata punda hakuna. Akaniuliza, "Leo utatumia mkono gani?"

"Ule wa kula," nikamjibu.

Alicheka, akatikisa kichwa.

Akko tulimkuta amekaa nje, amejitanda, tayari. Hakubishana safari hii. Tukapakia mbuzi wanane na sanduku moja la bati, tukamketisha katikati yetu, tukageuza lori. Ilikuwa saa nne ya asubuhi na jua lilikuwa limeanza kuuma.

Nusu saa kutoka Gotu kuna laga, mto mkavu wa mchanga unaokatiza barabara. Lori lolote lazima lipunguze mwendo pale. Yusuf akaingiza gia ya chini, tukateremka.

Kioo cha mbele kilipasuka.

Kisha tairi. Lori likainama upande, likazama mchangani.

Nilifungua mlango wangu nikaanguka nje. Nikatambaa hadi mbele ya gurudumu. Nikasikia Yusuf akimvuta Akko kutoka mlango wa pili, akimwambia kwa Kiborana aingie chini ya gari. Mbuzi walikuwa wanapiga kelele na damu yao ilikuwa inachuruzika kupitia mbao.

Risasi zikanyamaza.

Mtu mmoja akashuka kutoka ukingo wa laga, ameshika bunduki kubwa. Alivaa akala, vile viatu vya tairi, na shati la kijani lililochanika begani. Wenzake wawili walibaki juu.

Yusuf akasimama, mikono juu.

"Chukua mbuzi," akasema. "Chukua gari. Hapa kuna mama mzee tu."

Mtu yule akasimama. Alikuwa hatua tano kutoka kwa Yusuf, na hatua kumi na tano hivi kutoka kwangu. Hakuniona. Niliinuka taratibu nyuma ya boneti, nikaegemeza mikono juu ya bati la moto, nikamlenga kifuani.

Nilikuwa na muda. Hili ndilo ninalotaka lieleweke. Watu wakinihurumia husema ilikuwa ghafla. Haikuwa ghafla. Nilikuwa na pumzi mbili, labda tatu, na bastola yenye risasi, na mtu mbele yangu aliyesimama wima.

Niliishika kwa kulia.

Macho yalifunguka yote mawili. Sikuambiwa.

Nikapiga. Nikapiga tena.

Ganda la mgunga uliokuwa nyuma yake liliruka, upande wangu wa kushoto. Mara zote mbili, mti uleule, karibu mahali palepale.

Alishtuka, akampiga Yusuf.

Halafu akanigeukia. Kitu kama nyundo kikanigonga mkono, bastola ikaruka juu ya boneti, ikateleza, ikaanguka mchangani mbele ya miguu yangu. Nilitazama mkono wangu wa kulia na sikuuelewa. Vidole vilikuwa vinaelekea kusikofaa.

Niliokota kwa kushoto. Sikufikiri jambo lolote, wala haramu wala halali, wala Dahir wa bucha. Nikainua.

Risasi moja.

Alikaa chini kwanza, kama mtu aliyechoka. Kisha akalala. Ilimwingia chini ya koo. Wale wawili wa juu walimwona, wakapiga risasi ovyo, wakakimbia.

Nilimfikia Yusuf kwa magoti. Kifua chake kilikuwa kinatoa sauti ya maji. Akaniuliza, "Akko?"

"Mzima. Yuko chini ya gari."

Akafumba macho kukubali. Nikamsomea shahada, naye akaifuata kwa midomo, ila hakufika mwisho. Akko alitoka chini ya lori, akamvua Yusuf viatu, akaviweka pamoja vizuri, akakaa kando yake akimfukuzia nzi kwa ncha ya mtandio. Tulikaa hivyo mpaka gari la polisi lilipokuja. Muda wote huo nilikuwa nimeishika ile bastola kwa mkono wa kushoto, na ilibidi askari anifungue vidole kimoja kimoja.

Nilimtazama na yule niliyemuua. Alikuwa mtu mzima wa rika langu, ana mvi kidogo kidevuni. Kiunoni alifunga chupa ya maji iliyoshonewa ngozi, kazi ya mkono wa mwanamke. Nilitaka kumchukia na nguvu sikuwa nazo.

Hospitali walinikata vidole vitatu. Vilivyobaki ni kidole gumba na cha shahada, navyo havikunjiki. Nikajifunza upya. Naandika kwa kushoto, nafunga vifungo kwa kushoto, nakula kwa kushoto, na kujisafisha pia ni huo huo, maskini, una kazi zote. Nikikaa kwenye sinia na watu, wanasogea kunipa nafasi na kusema ni dharura, Mungu anajua. Ni kweli anajua. Ayeyo alikuwa ameshakufa, na nilishukuru kwa hilo.

Watu waliniita shujaa. Niliua mmoja, nikamwokoa mama mzee, nikapoteza mkono. Hadithi ilikuwa nzuri ilivyokuwa, na ningeweza kuiacha hivyo. Habiba alikuwa katika eda. Nilisubiri mpaka imalizike, halafu nikahesabu wiki nyingine tatu za uoga wangu tu, ndipo nikaenda.

Ilikuwa asubuhi. Akko alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, na Habiba alikuwa anachemsha chai ya maziwa ya ngamia. Nikamsalimia, nikakaa, nikamwambia yote. Machimbo, jerikani, jicho, maneno ya Sajini. Nikamwambia hata utani wa mwisho njiani.

Aliendelea kukoroga. "Huyo mwalimu alikuambia?"

"Aliniambia."

"Na ukajaribu hiyo kushoto?"

"Nikajaribu. Zote tatu ziliingia."

"Na ukarudi kwa kulia."

"Watu walicheka, dumaashi."

Akaacha kukoroga. "Watu gani?"

Nilitaja jina la Dahir. Nikajaribu kukumbuka wale wengine. Wawili nilikuwa nimesahau majina yao, na mmoja alikuwa amehamia Nanyuki muda mrefu. Akko alikuwa anatutazama, na sijui Kiswahili chetu alikifuata kiasi gani.

Habiba akamimina chai. Nilimwona akifikiri, kikombe kikiwa katika mkono wake wa kulia. Kisha akakihamisha. Akaninyooshea kwa mkono wa kushoto.

Kwetu hakuna mtu anayempa mwenzake kitu kwa mkono huo. Hata adui humpi. Alikuwa ananitazama machoni. Sijajua mpaka leo kama lilikuwa tusi au huruma, na sidhani nina haki ya kumuuliza.

Nikanyoosha wa kwangu wa kushoto, nikapokea, nikanywa yote.