Upenyo wa Vidole Viwili

Miaka kumi na miwili iliyopita nilipanda darini katika kanisa kongwe karibu na Kivukoni kukagua paa. Kila boriti ilipoingia ukutani, tundu lake lilikuwa kubwa kuliko boriti yenyewe, na upenyo wa vidole viwili ukabaki pande zote. Nikacheka. Nikasema Mzungu wa kale alikosea vipimo. Nikaziba upande mmoja wote kwa saruji, nikashuka nikijisifu.

Mwaka jana nikaitwa tena na mchungaji mpya, asiyejua kama niliwahi kufika. Boriti za upande nilioziba zilikuwa zimeoza, patasi inazama kama kwenye boga. Upande ambao sikuugusa, niligonga mbao zikalia kama chuma. Kusema kweli, nilishikwa na hofu.

Ofisini mchungaji alitandaza nakala ya mchoro, akanisomea habari za aliyeuchora. Alianza kama mwashi, akaja kuwa msanifu wa makanisa. Kanisa lake la kwanza, huko kwao kwenye baridi, lilioza paa kwa sababu kuta ziliibana mbao na unyevu ukakosa pa kutokea, akalibomoa mwenyewe. Tangu hapo hakuchora kanisa bila kuiachia mbao nafasi ya kupumua, hata hili la kwetu, ambalo alikufa bila kuliona. Upenyo wangu ulikuwa pale kwenye karatasi, kwa mstari mwembamba, na kipimo chake pembeni.

Mtu ambaye joto la Dar halijawahi kumtoa jasho aliijua mbao ya hapa kuliko mimi, fundi mtoto wa fundi.

Mchungaji alikuwa akiwalaumu mafundi wa zamani kwa ile saruji. Ningenyamaza, jina langu lingebaki salama. Lakini macho yangu yalikataa kutoka kwenye ule mstari.

"Mchungaji, niliyeziba ni mimi," nikasema.

Hakukasirika. Alikunja mchoro taratibu.

"Na kwingine je, fundi? Umeziba wapi tena?"

Nikaukumbuka msikiti wa mtaani kwetu Kariakoo, wa kuta nene za mawe. Niliziba matundu ya boriti zake zote mwaka uleule nilioziba kanisa, kwa kujitolea. Baba yangu husali pale kila siku, safu ya mbele.

Nikaomba ruhusa, nikabeba nyundo na patasi, nikatoka mbio. Adhuhuri ilikuwa imekaribia.