Beji Namba 417

Papa Machano ana beji mia mbili na kumi na mbili, na hana hata mtu mmoja wa kumwonyesha. Mke alifariki, watoto wako Australia, simu ni Idi hadi Idi. Ni mimi tu, Marcelline, Mrundi muuza mitumba hapa mtaa wa Umbilo, Durban, ninayempandishia maziwa ghorofa ya tatu, basi hapo ananishika. "Kaa, mama. Hii ya polisi wa jiji, ya zamani, hata hujazaliwa. Hii ya walinzi wa raia." Eish! Nimezisikia mpaka masikio yamechoka.

Zote ni za Durban, alikozaliwa. Ya mji mwingine haitaki hata bure. Katikati ya ubao anaozibania kuna nafasi moja tupu, ya beji ya baba yake, aliyekuwa mlinzi wa raia kule mtaa wa Chatsworth, namba 417, mtoa watu kwenye mafuriko. Alipofariki, baada ya khitma, Machano mwenyewe kama mtoto mkubwa aligawa nguo za marehemu sadaka, ndiyo desturi yao. Koti akampa mpagazi mmoja wa bandarini. Hakugeuza ukosi, na beji ilikuwa chini yake. Miaka thelathini na tano anaitafuta, kila Jumapili, kwenye soko la vitu vya kale.

Juzijuzi nilimsindikiza. Kwenye meza ya mama mmoja tukaiona: 417! Akaichukua. Akauliza imetoka wapi.

"Ya marehemu baba yangu, alikuwa mpagazi bandarini," mama akasema. "Alipewa na koti, kwenye msiba wa Waislamu Chatsworth."

Machano akairudisha mezani polepole.

"Chukua basi, papa!" nikamhimiza.

"Siwezi. Niliitoa kwa ajili ya Mungu. Sadaka yako huinunui tena."

Nilifoka mbele za watu. Kipande cha bati! Umezeeka ukikitafuta! Njiani kurudi alilia, nikajuta kufoka.

Kesho yake nikaenda kumtafuta yule mama, nikainunua mimi. Mimi ni Mkatoliki, nilijiambia, nitampa zawadi, yaishe. Papa aliishika kidogo, akaifunga kwenye kiganja changu.

"Kwa Mungu hatupiti mlango wa nyuma, mama. Umeinunua, ni yako. Ivae."

Basi nimeibana kwenye aproni yangu. Siku ya pili alishuka ngazi, akasimama mbele ya nguo zangu. Mimi hakunitazama hata usoni. Aliitazama beji.

"Shikamoo, baba."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisimama pale pale, mzee wa miaka sabini na sita, kofia mkononi, watu wanampita huku na huku, anangoja. Moyo ukaniuma vibaya.

"Marahaba, mwanangu," nikaitika.

Akavaa kofia, akapanda kwake. Sasa anashuka kila asubuhi, nami naitika.