Kikombe cha Msumarini

Najichukia kila ninapokikumbuka kile kikombe. Kilikuwa cha plastiki, kimepasuka ukingoni, nami nilikining'iniza kwenye msumari nje ya mlango wa duka langu hapa Kasulu.

Kilikuwa cha wanawake wa kambi ya wakimbizi. Walipita asubuhi na kuni kichwani wakiomba maji, nami niliwapa, maana sikutaka kuitwa mchoyo. Lakini kunywea vikombe vyangu vya ndani? Thubutu! Wakishaondoka nilikunja pua, nikakisugua kwa majivu, nikakirudisha msumarini. Na hapo mimi mwenyewe niliingia nchi hii nikiwa mgongoni kwa mama, tukitokea Burundi, tukala chakula cha kambi miaka na miaka. Nilipopata uraia na kaduka, nikajiona mtu wa maana. Upuuzi mtupu.

Binti yangu wa miaka mitano sikuwahi kumwambia neno juu ya kikombe kile. Alikaa kibarazani na mdoli wake wa gunzi la mahindi, akinitazama.

Siku moja mama alikuja kutoka Munanila bila taarifa. Tangu nifungue duka sikuwa nimekwenda kumwona, kwa hiyo mjukuu wake hakumjua. Alifika na kapu la maharage kichwani, kitenge kimepauka, vumbi jekundu mpaka magotini. Nilikuwa ndani nampimia mteja sukari nilipoisikia sauti yake.

"Mwana wanje, mwanangu, nipe maji kidogo."

Nilichungulia. Binti yangu alikuwa amepiga magoti mbele yake, amemshikia kikombe kwa mikono miwili, adabu tupu, kama nilivyomfundisha. Kikombe chenyewe ni kile cha msumarini.

"Hiki ndicho chenu," alimwambia.

Mama alikunywa maji yote. Mtoto akakipokea, akakunja pua, akachota majivu, akaanza kusugua. Ilikuwa pua yangu ile, na mkono wangu. Nikaacha sukari kwenye mzani, nikatoka nimeinua kofi.

"Mwache," mama alisema. "Hajakosea."

Hakuniangalia. Aliutazama msumari ukutani, kisha mikono yangu.

Nilimpokea kapu, nikamwingiza ndani, nikaongea ovyo kuhusu mvua na bei ya maharage. Kwa aibu nilimpikia chai ya maziwa, nikashusha kikombe cha udongo chenye maua ambacho hata mchungaji wetu alikinywea mara moja tu. Nikapiga magoti, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Mama alikisukuma taratibu kirudi kwangu.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Mimi nina changu."

Binti yangu alikuwa ameshatoka mbio kwenda kumletea.