Dume Refu na Maksai wa Kushoto

Mimi nina bucha Nyakunguru, kwenye njia ya wachimba dhahabu, na nyama haijawahi kunitisha. Lakini asubuhi ile nyumbani kwetu Nyamwaga, walipomaliza kulichuna dume la baba, nilishika mdomo. Nyama ilikuwa wapi?

Siku hiyo wakwe walikuwa wanakuja kumchukua mdogo wangu wa mwisho. Kwetu wakwe hula mpaka washindwe, halafu huondoka na paja zima la kupeleka kwao. Wakikosa, maneno hufika kijijini kwao kabla ya wao wenyewe, na binti yako atayasikia kila siku akiwa jikoni kwa watu. Baba alilijua hilo. Ndiyo maana alichukua madume yake mawili ya kienyeji, mafupi, yenye nundu, yaliyonona hasa, akayabadilisha kwa mfugaji mmoja wa upande wa Sirari ili apate dume moja tu, chotara wa ng'ombe wa maziwa.

Lilikuwa refu, jamani! Jeusi lenye mabaka meupe, mgongo kama benchi la kanisani. Baba alinitumia picha kwenye simu, nami nikawaonyesha wateja wangu nikitamba. Bucha yangu inauza ng'ombe wa kienyeji, chotara wa namna ile sikuwahi kumwona akichunwa. Nikapima kwa macho kama watu wengine wote. Majirani walikuja kulitazama, na baba alikuwa akilizungusha uani utadhani bwana harusi ni yeye.

Baba mdogo ndiye aliyechinja. Ngozi ilipotoka nikaona mbavu za kuhesabika, mabega kama mbao, mapaja membamba. Dume lilikuwa bado kijana: kurefuka limemaliza, kujaza bado. Halafu tumbo likafunguliwa. Mungu wangu! Majani yalimwagika mpaka nikadhani hayataisha. Kichwa, kwato, ngozi, utumbo, ule ukubwa wote tuliokuwa tunausifia ulikuwa umekaa huko. Nilikuwa nimekuja na mzani wangu wa bucha. Nikaning'iniza paja, mshale ukasogea kidogo ukatulia. Niliugonga ule mzani kwa hasira nikidhani umekwama. Haukuwa umekwama.

"Kichuri tunacho cha kuogea," akasema shangazi, maana mchuzi ule mchungu wa tumboni kweli ungetosha kata nzima.

"Baba, hii haifiki," nikasema. "Tukitoa paja la wakwe, wageni watatafuna mifupa."

"Si uliliona lilivyokuwa kubwa?"

"Nililiona, baba."

"Sasa limekwenda wapi?"

Aliuliza kama mtu aliyeibiwa. Yale madume mawili yalishakuwa ya watu. Zizini walikuwepo ng'ombe wa mahari, lakini hao walikuwa wa kaka yangu kuolea, hawaguswi. Zaidi ya hao walibaki maksai wawili wanaovuta plau.

Baba akaingia zizini. Alipotoka, maksai mmoja alikuwa akimfuata bila kamba, mnyama mfupi, mpana, shingo imefanya sugu kwa kazi. Maksai akatupita sote, akaenda moja kwa moja hadi ukutani ambako nira ilikuwa imelazwa. Akasimama upande wake, akainamisha shingo, akangoja.

Alidhani wanakwenda shamba. Baba alimpapasa nundu taratibu, akaniangalia kana kwamba naweza kusema neno la kuzuia jambo lile. Sikulisema. Nilikuwa nawaza wakwe, na nilijichukia kwa kuwawaza.

Mwili ule mfupi ulijaza masinia. Paja lake lilivuta mzani kuliko la lile jitu, nikapima tena kwa sababu sikuamini, na lilivuta vilevile. Mchana sufuria zote zilikuwa zimejaa, na paja la wakwe limefungwa vizuri kwenye majani ya mgomba.

Wakwe walifika, wakala, wakasifu. Ngozi ya chotara ilikuwa imewambwa uani, pana kama mkeka wa sebuleni, na mkubwa wao, mzee mwenye mikono ya mkulima, akaionyesha kwa kidole chenye mafuta.

"Hilo ndilo dume, ndugu yangu. Na nyama yake ina shibe! Ututafutie mbegu."

Moyoni nikamwomba baba aitikie tu. Neno moja, aibu yote imepita, na mdogo wangu anaondoka kichwa juu.

"Nyama mnayokula, nyingi si ya hilo," akasema baba. "Hilo halikuwa na nyama. Mnakula maksai wangu wa kulimia."

Yule mzee akarudisha kipande chake kwenye sinia, akafuta vidole kwenye magoti, asijue atazame wapi.

"Alikuwa anavuta upande gani?" akauliza polepole.

"Kushoto," akasema baba.

Na baba yangu, aliyefanya yote haya asije akaaibika mbele ya wakwe, akatokwa na machozi mbele yao wote.