Mtama Laini wa Chemba

Mpaka leo nikiona ng'ombe kwenye mabua ya mtama, damu inanichemka.

Nilikuwa nasoma shahada ya pili Dodoma mjini, nikitafuta mtama ambao mifugo wangeweza kulisaga bua lake vizuri. Bua huwa gumu kwa sababu ya lignini. Jeni zikiwashwa, mmea hutengeneza vimeng'enya, navyo ndivyo vinavyojenga lignini hiyo. Katika baadhi ya mistari yangu, yaani koo za mbegu nilizokuwa nazalisha, jeni moja ilikuwa na kasoro ya kuzaliwa, kimeng'enya chake hakifanyi kazi, bua linabaki laini. Nilichavusha kwa mkono msimu baada ya msimu, nikapanda Chemba shambani kwa mama, mistari laini kando ya migumu. Ilibaki kukata vipande vya mabua mabichi na kuvigandisha papo hapo, ili maabara ione jeni zipi zimewashwa.

Nikafika na mtungi wangu wa kugandishia. Hakuna suke hata moja shambani!

Mama alikuwa amevuna. Ndege walianza kuingia, akanionea huruma. Na kwetu shamba likishakatwa masuke halina mwenyewe. Kundi la yeyote linaingia kula mabua. Mistari migumu ilikuwa imesimama, imeng'atwa ncha tu. Ile laini ililiwa mpaka kwenye udongo, yaani kama waliambiwa! Nilichotaka kukithibitisha walikithibitisha ng'ombe wa jirani, na hakuna msimamizi atakayepokea ushahidi huo.

"Mama, umeniua!" Hata shikamoo nilisahau.

"Nimekusaidia, mwanangu. Hebu kula kwanza."

Nikakaa nimenuna, namega ugali huku nalalamika. Aliniacha niseme weee mpaka nikachoka.

"Hayo mabua laini mwakani nitayapanda mengi," akasema. "Yule ng'ombe wangu mzee meno yamekwisha, anakonda mbele ya chakula. Mbegu si utaniachia?"

Nikamwuliza masuke niliyoyavika mifuko ya karatasi, yasipate chavua ya mtama mwingine, aliyaweka wapi. Hayo ndiyo yalikuwa mbegu yangu yote.

Mifuko aliwashia moto, akasema. Masuke aliyapura pamoja na mengine, akapeleka mashineni, ili nikija nile unga mpya.

Hata kukasirika kulinishinda. Nje yule ng'ombe mzee alikuwa anahangaika na bua gumu, na tonge lilikuwa bado mkononi mwangu.