Malori Yaliyozimwa Getini

Mwanangu, kuna siku za Jinja ambazo hazinitoki akilini, na leo nataka nikusimulie mwanzo hadi mwisho, kwa sababu wewe nawe sasa umeshika usukani.

Wakati huo nilikuwa bado kijana, ingawa nilikuwa mjane tayari. Marehemu mume wangu aliniachia watoto na lori. Ndugu zake walikuja nyumbani Namatala, mtaa wetu pale Mbale, hata arobaini haijafika, wakasema lori liuzwe, maana mwanamke hataliweza. Nikawaambia, lori hili nimelikalia kiti cha kushoto miaka mingi, najua linavyonguruma likiwa zima na linavyokohoa likiwa na shida. Niacheni nishindwe mwenyewe. Hawakuridhika, lakini mimi nilikwenda nikapata leseni, nikaanza kubeba mahindi kutoka Mbale kupeleka kwenye kinu kimoja cha unga kule Jinja. Watu wa Namatala wakaniita Mama Lori. Wengine waliniita hivyo kwa heshima, wengine kwa kicheko, na mimi niliwaitikia wote.

Barabara haikunisumbua. Kilichonisumbua ni geti la kinu.

Kinu kile hakikuwa na malori yake. Kilitutegemea sisi, watu wa lori mojamoja, kila mtu na lake. Tulikuwa tukifika tunajipanga foleni kando ya ukuta, halafu tunangoja hadi meneja atakapopenda. Mara nyingine tulikaa kutwa, mara nyingine siku kadhaa, na kungoja kule hakukulipwa. Choo hakikuwepo. Wanaume walijua watakavyofanya. Mimi nilivuka barabara kila mara kumwomba mama mmoja wa Kisoga, mwenyeji wa pale, anifungulie choo chake, na ingawa hakuwahi kuninyima, ilinichosha kuomba. Mvua ikinyesha na gunia likalowa, hasara ilikuwa ya dereva, hata kama gunia lililowa hapohapo getini kwao. Na juu ya yote kulikuwa na amri moja: lori likikutwa halina dereva, linatolewa kwenye foleni na kurudishwa mkiani.

Safari moja, mbele yangu katika foleni kulikuwa na kijana wa Budondo, jina lake Mugoya. Alikuwa mcheshi, akimtania kila mtu, hata askari wa getini. Asubuhi ile hakumtania mtu. Nilimkuta ameinamia usukani, jasho linamtiririka, mkono ameubana tumboni upande wa kulia.

"Mugoya, nenda hospitali," nikamwambia.

"Nikienda wataliondoa lori, dada. Nimekaribia kuingia. Nitavumilia."

Nilikwenda kwa askari nikamwomba mgonjwa aingie kwanza ashushe mzigo, au basi atunziwe nafasi yake. Askari hakuwa mtu mbaya. Aliingia ndani kuuliza, akarudi akiangalia viatu vyake. "Mama, meneja anasema foleni ni foleni."

Basi Mugoya akangoja. Mchana akafungua mlango ashuke, akaanguka kutoka kwenye kebini kama gunia. Tulimpakia kwenye pikapu ya Singasinga mmoja mwenye duka la spea pale jirani, ambaye aliwaacha wateja wake dukani akaendesha mwenyewe, na mimi nilikaa nyuma nimempakata Mugoya kichwa. Walimpasua siku hiyohiyo. Daktari alituambia kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, na kwamba tungechelewa zaidi tungekuwa tunazungumzia mazishi.

Niliporudi getini nilikuta trekta la kinu limelivuta lori la Mugoya hadi ukingoni mwa mtaro. Mvua ilikuwa imepiga kwa nguvu na turubai halikufungwa. Mahindi ya juu yote yalikuwa yamelowa. Langu lilinusurika kwa sababu mwenzangu mmoja alikwenda akalikalia.

Miongoni mwetu alikuwepo Mzee Hamidu, Mwislamu wa Mbale, mkongwe kuliko sote. Alikuwa mtu wa kauli ya chini, hachangii malalamiko yetu. Siku ile alishuka, akalizunguka lori la Mugoya, akaminya gunia moja hadi maji yakamchuruzika kwenye kiganja. Kisha akatuita.

"Miaka yote nawasikia mkinung'unika, kila mtu na kebini yake," alisema. "Kila mmoja anajiona bosi kwa sababu ana lori lake. Ni bosi gani anayeomba ruhusa ya kuumwa?"

Akajipangusa kiganja kwenye nguo. Akaendelea. "Mimi nazima gari. Halitaingia humo mpaka mgonjwa atunziwe nafasi yake, mpaka tupate choo na maji, na kungoja kwetu kulipwe. Mvua ya hapa getini nayo iwe yao. Anayetaka kuingia aingie, simzuii. Lakini atapita mbele ya macho yangu."

Foleni ilikuwa imeanza kusogea na injini zinanguruma; akapanda, akazima. Mmoja baada ya mwingine, nasi tukazima. Sijui kama umewahi kusikia foleni nzima ya malori ikinyamaza, mwanangu. Nilisikia mpaka shomoro waliokuwa juu ya ukuta.

Tulipiga simu Mbale. Madereva waliokuwa wakipakia Namatala wakafunga malori yao. Madalali wakakimbia huku na huko wakapata malori mengine, lakini wapagazi, watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wanaonaje, wakakataa kunyanyua gunia. Nilijivunia mtaa wangu siku hiyo kuliko siku yoyote.

Kesho yake meneja aliniita ofisini. Alinikaribisha kiti, akaniagizia soda. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayenionea huruma.

"Mama, wewe si kama wale. Wewe una mayatima. Lipitishe lori lako geti la nyuma, na mzigo hutaukosa tena."

Sitakudanganya kwamba sikutamani. Niliwafikiria watoto. Niliwafikiria shemeji zangu waliokuwa wakingoja nianguke. Nikamuuliza, "Na Mugoya je?"

"Mugoya ni habari nyingine."

"Basi na mimi ni habari nyingine," nikamwambia, nikaiacha soda yake mezani.

Nilipotoka sikumnong'oneza mtu. Nilisimama katikati ya wenzangu nikasema kila neno nililoambiwa. Dereva mmoja akacheka kwa uchungu: naye aliitwa, naye akaambiwa si kama wale. Mwingine akasema hivyohivyo. Kumbe meneja alikuwa akituchukua mmoja mmoja, na kila mtu alinyamaza akidhani ni yeye tu. Kisha akainuka Wamono, mtu wa mlima wa Wanale, aliyekuwa amekaa pembeni tangu asubuhi.

"Mimi nilikubali," akasema. "Nipite kesho alfajiri."

Mzee Hamidu akamuuliza, "Kwa nini unatuambia?"

"Kwa sababu nilidhani nyote mmeshakubali."

Akanijia, akaniwekea funguo zake mkononi. "Nishikie, dada. Nikikuomba kabla hatujamaliza, usinipe." Na kweli aliziomba, mke wake alipompigia simu akilia kuhusu chakula. Sikumpa. Nilimpa nusu ya pesa zangu za posho amtumie mke wake, na zilizobaki tukanunulia chakula, tukala.

Siku iliyofuata ikaja gari ya polisi. Afande alishuka akatupigia Kiswahili kile cha amri: ondoa gari, haraka. Wewe umezaliwa wakati mwingine, hujui Kiswahili cha mtu mwenye sare, lugha ya wanajeshi waliotutesa enzi za mabavu, kilivyowatisha watu wa rika la Mzee Hamidu. Niliona wazee wawili watatu wakiinamisha vichwa na kutafuta funguo mifukoni. Mzee Hamidu hakuinama. Alimjibu kwa Kiswahili alichonyonya kwa mama yake, taratibu, chenye salamu na adabu zake zote.

"Afande, habari za kazi. Magari yetu yako kando, barabara iko wazi, watu wanapita. Tuonyeshe kosa letu nasi tutaondoka. Kama hakuna kosa, sijui sheria inayomlazimisha mtu awashe gari lake."

Afande aliitazama barabara, akatutazama. "Kiongozi wenu ni nani?"

Niliogopa, mwanangu, lakini nilisikia sauti yangu ikisema, "Ni mimi." Na Wamono akasema, "Ni mimi." Na wengine wakaitikia hivyohivyo mpaka mwisho wa foleni. Afande akasema tusizibe barabara, akapanda gari yake akaenda.

Mama yule wa ng'ambo ya barabara alituletea mihogo, na majirani zake wakaleta chai. Halafu, mchana mmoja, ngurumo ya mashine ndani ya kinu ikakatika. Mahindi yalikuwa yamewaishia. Meneja akatoka hadi getini, akataka mtu mmoja aingie ofisini wazungumze.

"Sisi tumezoea kukaa hapa nje," Mzee Hamidu akamwambia. "Karibu nawe ukae nasi."

Akasimama juani kama sisi, tukazungumza wote tukisikia. Mgonjwa akapata haki ya kutunziwa nafasi. Choo kikajengwa, bomba la maji likatolewa nje ya ukuta, na kungoja kukaanza kulipwa. La mvua alikataa kabisa, na hatukulipata. Mahindi makavu ya Mugoya waliyapokea. Hasara ya yaliyolowa tuligawana sisi, na hakuna aliyenung'unika.

Sikufichi kwamba tulilipia. Msimu uliofuata mimi na Mzee Hamidu tulinyimwa mzigo pale kinuni, bila kuambiwa sababu. Nilibeba mchanga na matofali Mbale, shemeji zangu wakanicheka tena. Wacheke. Mugoya alipopona alikuja Namatala na kuku mkononi, akanitania kwamba naendesha kama bibi harusi. Kutoka foleni ile tukaanzisha umoja wetu wa madereva, na upo hadi leo.

Sasa nasikia wenye mizigo wanawapigia simu nyinyi vijana mmoja mmoja, wakiwapunguzia malipo na kuwaambia kwamba asiyetaka wapo wengine. Sikiliza nasaha yangu. Usijibu peke yako. Ukiahidiwa kitu kizuri faraghani, kirudishe kwa wenzako ukiseme hadharani, hata kama kinakutamanisha. Mwenzako akiyumba usimfukuze, mshikie funguo. Usimtukane afande wala meneja, lakini usiombe msamaha kwa kudai haki yako. Wala usikubali kupumzika kuwe jambo la kuombea ruhusa: ukichoka, lala, mzigo ungoje. Hutapata yote unayoyataka, na huenda ukaumizwa kwa yale utakayoyapata. Yadai hivyohivyo.

Nakuombea kwa Mwenyezi Mungu akulinde kwenye miteremko na kwenye ukungu, akupe wenzako wa kweli, na siku watakapokutaka uiname, autie nguvu mgongo wako. Nenda, mwanangu. Radhi zangu unazo.